Siku Tuliyokataa Kumshusha Goreti

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Bukiriro kumwona mama, nikamkuta mdogo wangu Festo ameshika panga uani, anavunja ingobyi. Alitaka matete na fito zake akamalizie banda la kuku. Nikamwambia, Festo, weka panga chini kabla sijakuaibisha mbele ya mkeo. Akacheka. Akasema dada, siku hizi gari la wagonjwa linafika hadi kanisani, hili dude la nini tena hapa nyumbani? Mimi nilikuwa nimekwisha kuinama na kuinusa.

Wenzangu ambao hamkukulia Ngara, ingobyi ni kitanda cha kubebea mgonjwa. Kinasukwa kwa matete kama tenga refu, kina miti miwili mirefu ubavuni, na watu wanne wanakibeba mabegani kupanda na kushuka vilima mpaka kwa mganga au barabarani. Kisipotumika hutundikwa juu jikoni ili wadudu wasikile. Basi harufu yake ni moshi wa miaka, na chini ya moshi kuna jasho la mabega ya watu. Niliinusa nikajikuta nimekaa chini uani, mtu mzima na kitenge changu cha safari, mke wa Festo ananitazama kama niliyepatwa na kizunguzungu. Nilikuwa nimemkumbuka Goreti, na yule mbwa, na asubuhi ile ambayo mpaka leo nikiikumbuka nanyoosha mgongo.

Goreti alikuwa jirani yetu na wa rika langu. Homa ya utotoni ilimwacha na miguu isiyo na nguvu, lakini mdomo ilimwachia wote, tena na nyongeza. Parokia ilimletea kiti cha magurudumu kizuri kabisa, cha kung'aa. Mtu aliyekileta hakuwa ameiona njia yetu ya shule, inayoteremka kwa mawe hadi kwenye kijito na kupanda upande wa pili ndani ya migomba. Kile kiti kilikaa kwenye baraza yao, na kuku mmoja mwekundu akakipenda, akawa anatagia humo. Goreti alisema angalau kuna mmoja nyumbani kwao aliyepata faida.

Darasa la kwanza na la pili mama yake alimbeba mgongoni, kwenda na kurudi, kisha anashika jembe. Darasa la tatu mgongo ukakataa. Goreti akakaa nyumbani. Sisi tukitoka shule tulimkuta ameegemea ukuta wa baraza anatusubiri, na hatukuruhusiwa kupita bila kueleza tulichofundishwa. Ukieleza vibaya alikusahihisha, na yeye ndiye asiyekuwepo darasani. Mimi nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na siku moja nilimwambia kama unajua sana njoo ufundishe. Aligeuza uso upande wa ukuta, nikaona bega lake linatikisika, na jioni ile ugali wangu niliuacha.

Mjomba wake alikuwa fundi wa kusuka matenga ya kubebea kuku na nyanya. Ndiye aliyesuka ingobyi ndogo, ya kimo cha watoto, nyepesi, miti yake ya mianzi. Tukajitolea wanne. Mbele kulia alikuwa Zabroni, mvulana mnene mwenye majigambo, ambaye kwa maneno yake alikuwa amekwisha kumpiga kila mtu kijijini. Mbele kushoto mimi, Yusta. Nyuma walikuwa pacha wawili, Bukuru na Butoyi, wasichana wapole waliokuwa wakiongea kwa zamu. Goreti akakaa katikati kama bibi harusi.

Mama Goreti hakufurahi. Alikuwa amezika watoto kabla ya huyu, na mume wake alikuwa hayupo tena. Goreti ndiye peke yake aliyembakia. Asubuhi ya kwanza alitusimamisha uani, wote wanne, akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Nawaachia. Lakini sikilizeni vizuri. Siku mtakayoniletea habari mbaya kutoka njiani, hata moja, ingobyi naiingiza jikoni inakuwa kuni, na mwanangu shule basi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma bei ya maharage sokoni, ndiyo maana tulimwamini.

Sasa niwaambie sheria yetu, maana bila hiyo hamtaelewa tulichofanya. Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumewaona wakubwa wakimkimbiza mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi. Walikuwa wanakimbia kweli, wanabadilishana mabega bila kusimama, jasho linachuruzika. Kijana mmoja akaomba wamshushe kidogo wapumue. Mzee Petro, aliyekuwa akiongoza, akamgeukia kwa sauti iliyotufanya sisi watoto turudi nyuma: "Ukimshusha hapa umemzika hapahapa!" Basi. Sisi tulielewa hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu akibebwa kwenye ingobyi, akigusa ardhi kabla ya kufika, anakufa. Hakuna aliyetufundisha na hakuna aliyetukanushia. Goreti mwenyewe aliamini kuliko sisi. Tukiyumba kidogo alikuwa anatuambia tukaze mabega kwa sababu yeye bado ana mambo yake duniani.

Kwa hiyo kutoka uani kwao hadi barazani shuleni, Goreti hakushushwa. Zabroni aliwahi kuteleza kijitoni akapiga magoti juu ya mawe, akachubuka yote mawili, na mti haukutoka begani. Tuliimba ili hatua ziende pamoja. Wimbo wenyewe tuliutunga wenyewe na haukuwa wa kujivunia: mmoja anauliza anabebwa nani, wengine wanaitika Goreti; anakwenda wapi, shule; atarudi lini, akishiba. Kushiba huko kulikuwa kushiba masomo, Zabroni alisisitiza.

Kikwazo kilikuwa nyumba ya mzee Gervasi, kilimani juu, kabla tu ya shule. Kwetu mtu akitaka kuwasema majirani bila kugombana nao uso kwa uso, humpa mbwa wake jina la kuwafikishia ujumbe. Kisha kila asubuhi anamwita kwa sauti ya kutosha, na wanaohusika wanasikia. Mzee Gervasi alikuwa na ugomvi wa mpaka na nusu ya kitongoji, kwa hiyo mbwa wake aliitwa Mtanikoma. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, amelelewa Kaniha kwenye mifugo, sikio moja limechanika. Mchana alifungwa mnyororo, usiku alifunguliwa. Mimi nilidhani mbwa analijua jina lake na maana yake, na kwamba kila siku anajitahidi kulitimiza.

Wote tulikuwa tumeambiwa mbwa akikujia usikimbie. Kila mtoto wa kitongoji aliyajua maneno hayo, na kila mtoto wa kitongoji alikimbia. Zabroni pia, pamoja na majigambo yake. Niliwahi kumwona akipanda mpapai, na mpapai ule haukuwa na tawi hata moja.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kilimo shuleni. Majembe yetu tulikuwa tumeyalaza ndani ya ingobyi kando ya miguu ya Goreti, pamoja na mifuko ya madaftari. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia inateleza, mawingu bado mazito, na Goreti alikuwa ameshika mwavuli mkubwa mweusi wa mama yake, ule wa kwendea misa, ameukunja. Tulipanda kilima tukiimba. Tulipofika kwenye ua wa minyaa wa mzee Gervasi, Bukuru akasema nyuma yangu, "Mbona mnyororo haulii?"

Ni kweli. Siku zote mnyororo ndio uliotangulia kusikika, kisha kubweka. Siku ile kulikuwa kimya. Mzee Gervasi, tulikuja kujua baadaye, alikuwa ameondoka kwenda Ngara mjini kabla ya kupambazuka, na katika haraka zake hakumfunga mbwa.

Alitokea kwenye pengo la ua, upande wangu. Hakubweka. Mbwa anayebweka bado anafikiria. Huyu alikuwa amekwisha kuamua. Kichwa chini, manyoya ya shingoni yamesimama, na sauti ndogo ndani ya koo ambayo niliisikia tumboni kuliko masikioni.

Niwe mkweli, miguu yangu ilitaka kukimbia. Iligeuka yenyewe. Kama ningekuwa peke yangu ningekuwa nimefika Biharamulo mchana ule. Nyuma Butoyi akapiga yowe na mti wake ukashuka, ingobyi ikainama, majembe yakagongana, Goreti akashika ukingo kwa mikono miwili. Bukuru akamwambia pacha wake, "Butoyi, usimshushe. Utamuua." Na Goreti akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Jamani, msinishushe."

Butoyi akapandisha bega. Mti ukarudi mahali pake. Tukawa tumesimama, wanne, tumebanana chini ya mwenzetu, hakuna anayeweza kukimbia kwa sababu mmoja akitoka wote tunaanguka. Mbwa alikuwa anakuja kwa kasi akitegemea tutawanyike. Hatukutawanyika, akasita. Nakumbuka kabisa alivyosita, mguu mmoja wa mbele umening'inia hewani. Hakuwahi kuona watoto wa namna hii. Sisi wenyewe hatukuwahi.

Kisha akaanza kuzunguka. Akaja nyuma, akanyakua sketi ya Butoyi, akaichana. Hatukuweza kumwona, ukiwa na mti begani kichwa hakigeuki upande wa mti. Lakini Goreti alikuwa juu, anaona pande zote. Sauti yake ikarudi, ile ile ya barazani kwao.

"Yuko nyuma kwa Butoyi. Geukeni! Zabroni, wewe usiende mbele, zunguka tu. Haya, anakuja kwa Yusta. Rudini."

Tukawa tunageuka pamoja kama watu wa gwaride, na kila tulipomkabili mbwa kwa uso alirudi hatua, na kila tulipompa mgongo alikuja. Ndipo nilipogundua, nadhani sote tuligundua kwa pamoja, kwamba alikuwa na nguvu nyuma yetu tu. Zabroni alikuwa anahema kama ng'ombe. Alikuwa anamtukana mbwa kwa Kihangaza, matusi ya wakubwa, na hakuna aliyemkemea.

Niliteleza mimi. Udongo ulikuwa mwekundu, laini, mguu wa kushoto ukaondoka, goti likapiga chini. Mti haukutoka begani. Niliukumbatia kwa mkono wa kulia na kuubana kwa shingo. Lakini sasa uso wangu ulikuwa usawa wa mdomo wake, naye aliona. Aliruka. Niliinua mkono wa kushoto mbele ya uso, sijui nani aliuinua, na akaukamata mkono kati ya kiwiko na kiganja.

Kwanza sikusikia maumivu. Nilisikia uzito. Alikuwa anavuta na kutikisa, sweta la shule likimzuia kidogo, na mimi niko goti moja chini, na juu yangu mwanzi unalia kwaa, kwaa. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Ni kwamba kona yangu ya ingobyi iko karibu sana na ardhi.

Nikasikia Goreti anasema, "Mwache Yusta." Si kwa kelele. Aliinama juu ya ukingo, nusu ya mwili nje, miguu yake ile isiyo na nguvu imebanwa na majembe yetu asidondoke, na akamchoma mbwa puani kwa ncha ya chuma ya mwavuli. Akamchoma tena. Mbwa akaachia ili amgeukie, akafungua mdomo, na Goreti akabonyeza kitufe cha mpini. Mwavuli ukafunguka paa, mweusi, mpana, machoni pake kabisa, na maji ya mvua yaliyokuwa yamebaki ndani yakamrukia.

Yule mbwa alirudi nyuma kinyumenyume hadi akaanguka kwa makalio. Mbwa aliyelala na ng'ombe Kaniha, aliyekuwa hajaogopa mtu, aliogopa mwavuli wa misa.

Nikasimama. Sijui nguvu zilitoka wapi, mkono unachuruzika damu ndani ya sweta. Goreti akauweka mwavuli mbele yetu kama ngao, umetufunika mimi na Zabroni mpaka kiunoni. Mbwa alikuwa amesimama katikati ya njia, anatazama, bado hajakubali. Tungeweza kurudi nyumbani. Njia ya nyuma ilikuwa wazi.

Zabroni akasema, "Tumfuate."

Na mimi, Yusta mwenye hasira za karibu, nilifurahi kusikia hivyo. Nikaanzisha wimbo. Anabebwa nani? Wakaitika Goreti, na Goreti mwenyewe akaitika Goreti. Tukapiga hatua moja mbele. Anakwenda wapi? Shule! Hatua nyingine. Mwavuli ukitangulia, watoto watano nyuma yake wakiimba kwa sauti ya kupasua koo. Mbwa akarudi nyuma. Akabweka sasa, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na kubweka kwenyewe kulikuwa kwa kulalamika. Akaweka mkia katikati ya miguu. Akatafuta pengo la ua akalikosa, akajipenyeza kwenye minyaa kwa nguvu, tukamsikia analia huko ndani hadi nyuma ya nyumba. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia shamba la maharage ng'ambo alisimama na jembe lake, mkono mdomoni. Tulimpita. Tulimwamkia shikamoo kwa adabu zote na kuendelea. Hatukukaa kupumzika.

Shuleni mwalimu wa zamu alituona tangu getini. Alikuja mbio, akaona damu, akasema, "Mshusheni mwenzenu hapohapo, haraka, Yusta njoo bombani." Hakuna aliyemshusha. Mwalimu akarudia kwa ukali. Zabroni akamwambia, "Samahani mwalimu, bado hatujafika," na tukampita mwalimu wa zamu, jambo ambalo siku nyingine lingetupatia adhabu, tukapanda ngazi za baraza, na hapo ndipo tulipopiga magoti wote wanne kwa pamoja na kumweka Goreti chini, polepole, kama yai. Hakuwa na mchubuko. Zabroni akakaa kando yake, akaweka kichwa kwenye mapaja, akalia kwa kwikwi mpaka kengele ya mstarini ikapigwa. Hakuna aliyemcheka, wala hajawahi kuchekwa.

Mwalimu aliuweka mkono wangu chini ya maji ya bomba akausugua kwa sabuni ya kufulia, muda mrefu, mrefu sana, mimi namwomba aache naye hasikii. Hapo ndipo maumivu yalipokuja kudai haki yao. Kisha nikapakiwa kwenye pikipiki hadi kituo cha afya nikachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na kuambiwa nirudi tena na tena kwa nyingine. Bwana mifugo aliagiza Mtanikoma afungwe na kuangaliwa kama ana dalili. Hakuwa na kichaa. Alikuwa mkorofi tu.

Jioni nyumba yetu ilijaa. Mzee Gervasi alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi, kwa sababu kwetu mwenye kosa haji mikono mitupu, akakiweka miguuni pa baba. Baba akasema hatakigusa mpaka aone mnyororo mpya shingoni mwa yule mnyama. Mzee Gervasi akasema umekwisha kununuliwa. Mzee Petro naye alikuwepo, maana palipo na kibuyu hakosekani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mkono umefungwa bendeji, natazamwa kama ndama wa maonyesho.

Ndipo Mama Goreti akaingia. Alikuwa ametoka shamba, matope hadi magotini; yule mama wa maharage alikuwa amemfikishia habari kabla ya sisi kurudi kutoka shuleni. Hakumwamkia mtu. Akachuchumaa mbele yangu, akaushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku.

"Kwa nini hamkukimbia?" akaniuliza.

"Goreti angekufa, mama."

"Mbwa angemuua."

"Hapana. Tungemshusha. Angegusa ardhi, angekufa. Mzee Petro alisema."

Ilibidi nieleze yote, yule mama mwenye uchungu, maneno ya mzee, sheria yetu. Nilipomaliza mzee Petro alikuwa anacheka mpaka machozi, ameshika mbavu. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi nilikuwa nawatisha wale vijana wavivu. Wakimshusha mgonjwa wanakaa. Wakikaa wanawasha sigara. Wakiwasha sigara nani atawainua? Hakuna mtu anayekufa kwa kugusa ardhi." Watu wote wakacheka, baba naye. Mimi nilisikia aibu ikinipanda hadi masikioni. Sisi tulikuwa tumekomaa na ule mti kwa neno la kutishia wavivu.

Mama Goreti hakucheka. Alinitazama, akainuka, akatoka bila kuaga. Nikajua ingobyi inakwenda kuwa kuni. Habari mbaya kutoka njiani ilikuwa imemfikia, tena yenye damu, na yeye si mtu wa kusema kitu mara mbili. Mbwa tulimshinda lakini Goreti shule basi. Nililala nikilia upande wa mkono mzima.

Asubuhi nilikwenda kwao hata hivyo, kwa sababu miguu haikuwa na mahali pengine pa kwenda saa ile. Niliwakuta Zabroni na pacha wamesimama uani. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, mwingi, mzito. Tuliutazama ule moshi wote wanne na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Butoyi akaanza kufuta macho.

Mlango ukafunguka. Mama Goreti akatoka amembeba Goreti mgongoni, na nyuma anaburuta ingobyi kwa mkono mmoja, nzima, haijaguswa. Jikoni kulikuwa na viazi tu. Akamweka mtoto ndani, akampa mwavuli, akakunja kitenge chake cha pili na kukiweka begani.

"Mbele kushoto ni ya nani?"

"Yangu, mama," nikasema.

"Wewe huna mkono. Leo ni yangu. Tangulia utuonyeshe njia."

Alikuwa mrefu kuliko sisi, ingobyi ikainama, Goreti akateleza kuelekea nyuma na kumlalamikia mama yake ainame. Alitembea ameinama kilima chote, kushuka na kupanda. Mimi nilitangulia. Kwenye ua wa minyaa mnyororo mpya ukalia, Mtanikoma akabweka kutoka huko alikofungwa, na nikamsikia Mama Goreti anavuta pumzi nyuma yangu. Nikaanzisha wimbo. Tulipouliza anabebwa nani, ile sauti nzito ya mtu mzima iliitika pamoja na za watoto.

Barazani tulimshusha. Nilidhani ataondoka kuwahi shamba. Lakini tulipoingia darasani alibaki nje, ameshika nondo za dirisha kwa mikono yenye udongo, anachungulia. Tangu siku alizomleta mgongoni hakuwahi kukaa hata dakika. Alikuwa anamtua na kukimbilia jembe lake. Mwalimu akaanza kuita majina. Alipofika kwa Goreti, Goreti akanyoosha mkono na kuitika kwa ile sauti yake, ambayo ingesikika hadi kijitoni: "Nipo, mwalimu!"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Mama Goreti akaniita kwa kunong'ona.

"Ameitika," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kila siku anaitika hivyo?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, mara nyingi. Kisha akaachia nondo, akajifunga kitenge chake vizuri kiunoni, na nikamwona kupitia dirishani akishika njia ya nyumbani, ile ile ya kwa mzee Gervasi, akitembea katikati kabisa ya njia bila hata kuokota fimbo.